Maneno ya Klabu ya Alhamisi

Jumatatu, 8 Januari

Klabu ya kanisani leo. Baridi ya kukata masikio na bado chumba cha chini kilijaa. Kahawa nyepesi kama kawaida, keki ya limau ya Ardis nzuri kama kawaida. Ardis ni mjane wa mchungaji, amevuka themanini, na anatuendesha kama kwaya. Ukisema bila zamu anakugonga mkono na kijiko.

Kitabu ni kile kinachosomwa na mji mzima msimu huu. Hapa mjini Duluth ikifika Januari hakuna la kufanya ila kukwangua barafu na kusoma, kwa hiyo maktaba huchagua riwaya moja na klabu zote zinaishambulia kwa pamoja. Safari hii ni habari za mzee Osmund, dereva wa basi la shule. Mke wake hana kosa, hawagombani. Siku moja anachukua jiko na blanketi anahamia kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki, huko katikati ya ziwa lililoganda. Basi! Na kila mtu wa huku anajua kwamba ikifika masika barafu haipo.

Mimi nilisema mwoga. Mwingine akasema mpumbavu. Ardis akatungoja tuishiwe pumzi, kisha akasema mpwa wake Gil yuko kwenye klabu ya wanaume, inayokutana Alhamisi, na huko kuna mtu ametoa neno kuhusu Osmund. Akatusomea:

"Unaweza kuishi na mtu miaka thelathini, anajua saizi ya viatu vyako na dawa unazomeza, na asikuulize hata swali moja ambalo jibu lake halijui tayari."

Hata kijiko kilitulia. Mimi nilibaki mdomo wazi, kwanza kwa lile neno lenyewe, pili kwa kusikia kwamba wanaume wa mji huu wana klabu. Hawa hawa wanaosalimiana kwa nyusi! Nililirudia kichwani njia nzima nisije nikalisahau.

Hiyo ndiyo raha ya kuwa na klabu tatu. Kitabu kimoja unakila mara tatu, kila mara kwa chumvi yake. Kanisani tunatafuta nani katenda dhambi. Nyumbani kwa rafiki yangu Bev tunatafuta nani kampenda nani. Maktaba tunatafuta mwandishi alikuwa na maana gani, na hatuipati. Mume wangu, Duane, anasema mwanamke mwenye klabu tatu hana nyumba, ana kituo cha basi. Utani wake wa kila mwaka.

Jumatano, 10 Januari

Kwa Bev. Sita tulikuja, wawili tumemaliza kitabu. Bev mwenyewe alisoma sura ya mwisho tu, "nijue kama anakufa." Mvinyo mwekundu, jibini, soksi za sufu juu ya zulia. Hakuna mahali ninapocheka kama pale.

Nimefanya jambo. Walipofika kwenye swali la kwa nini Osmund aliondoka, niliweka glasi chini, nikangoja kidogo, nikalitoa lile neno la Alhamisi. Polepole. Lote. Na sikusema limetoka wapi.

Bev alifuta macho kwa leso ya karatasi. Akasema, shoga yangu, hayo umeyatoa wapi? Nikasema yalinijia tu nikikwangua kioo cha gari. Yalinijia tu! Sijui hata uongo ule ulitoka kona gani. Mwingine akauliza kama nyumbani kwetu ndivyo tulivyo. Nikawaambia kwetu hamna shida hiyo, Duane ni kama friza, ukifungua unakuta kile kile ulichoweka. Walicheka hadi mbwa akaamka.

Nimerudi na mabawa. Duane alikuwa jikoni anapasha supu ya kuku na mchele mwitu wa ziwani. Aliniuliza wanasemaje kuhusu Osmund. Nikamwambia ni hadithi ndefu, mpaka uanze mwanzo ndiyo utaelewa. Akasema sawa. Kisha akaanza kitu kingine, lakini Bev akapiga simu, nilikuwa nimesahau skafu yangu.

Jumamosi, 13 Januari

Siku za mwizi arobaini. Mimi hata wiki sikumaliza.

Klabu ya maktaba, saa nne asubuhi, meza ya mviringo. Anayetuongoza ni Shauna Bellanger, mkutubi, mwanamke mtulivu anayekusikiliza kwa kichwa kilichoinama kidogo. Nikaona hapa ndipo penyewe, watu wa maana. Nikalitoa tena lile neno. Nilipomaliza Shauna akatabasamu.

"Roz," akasema, "hilo ni la Alhamisi. Wanakutana humu humu. Mimi ndiye ninayewafungulia mlango."

Nilitamani meza inimeze. Nikasema ndiyo, ndiyo, nilikuwa nanukuu. Uso wangu ulikuwa wa moto hadi miwani ikaingia ukungu.

Hayajaisha. Tarehe mosi Februari ni usiku wa klabu zote, ukumbi wa chini wa maktaba. Kila klabu inatoa msemaji mmoja, na kwa desturi yetu msemaji akimaliza lazima aulize swali moja, na yeyote ukumbini anaweza kulijibu. Shauna akasema klabu ya Bev imeshaleta jina. Langu! Bev kaandika kabisa kwamba nitazungumzia "ile sentensi yake nzuri."

Nilimfuata Shauna pembeni nikamwuliza mwenye sentensi ni nani, angalau nimwombe ruhusa. Akasema kinachosemwa Alhamisi kinabaki Alhamisi. Nikamwambia mbona kimeshafika klabu tatu? Akacheka. "Maneno yanatoka, Roz. Majina hayatoki."

Nimempigia Bev kumwambia asimame yeye badala yangu. Hakunipa nafasi. Kashawaambia dada zake wote waje kunisikiliza, mmoja anatoka Minneapolis.

Alhamisi, 18 Januari

Naandika viatu bado vimelowa.

Saa kumi na mbili jioni bomba la chumba cha chini liliganda likapasuka. Maji kila mahali. Alhamisi Duane huenda kwenye mawe, ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu na kufagia mbele yake kama mnawahi wageni. Kaucheza tangu ujana. Simu yake haikupokelewa, kwa hiyo nikapiga ukumbini kwao. Nikamwambia yule bwana aliyepokea aniitie Duane Kivela, upesi, nyumba inazama.

Akasema, "Duane? Mama, huyo hajagusa jiwe tangu msimu wa juzi. Si lile goti lake?"

Goti gani?

Nilishukuru nikakata. Nilisimama ndani ya maji na viatu vya nyumbani, simu mkononi, hata valvu sikufunga. Jirani ndiye aliyekuja kuifunga. Misimu miwili! Kila Alhamisi anatoka hapa na begi. Kila Alhamisi mimi ndiye ninayemwambia "cheza vizuri."

Saa tatu karudi. Mashavu mekundu, kachangamka, ananukia kahawa. Nikamwuliza, mmeshinda? Akasema, "Tumetoka sare."

Sare! Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na moja. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Alipoona maji alichukua mataulo bila neno akashuka kukausha. Alipiga goti moja tu. La pili alilinyoosha pembeni kama ubao. Nani anajua amekuwa akipiga magoti hivyo tangu lini. Mimi sijawahi kuona.

Ni nani? Yule wa duka la rangi? Mjane wa mtaa wa pili anayempa mikate ya ndizi? Duane ana miaka sitini na tatu na anavaa suruali za ndani hadi kifundoni. Nani anamtaka? Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi asinisikie.

Jumapili, 21 Januari

Nimekagua mifuko ya makoti yake yote. Pipi za kikohozi.

Alhamisi, 25 Januari

Niandike kwa utaratibu, nisijichanganye.

Alitoka na begi. Nikamfuata kwa gari langu. Sikuwa na haya yoyote, hata skafu nilijifunga usoni. Hakwenda duka la rangi, wala mtaa wa pili. Aliegesha maktaba.

Shauna! Ndilo wazo lililonijia, na Mungu anisamehe. Nilikaa ndani ya gari hadi vioo vikafanya ukungu, kisha nikashuka. Mlango wa ukumbi wa chini una kioo. Nikachungulia.

Wanaume tisa kwenye viti vya duara. Kitabu cha Osmund kwenye kila paja. Na katikati yao Duane — na miwani ya kusomea! Sikujua kama ana miwani ya kusomea. Kitabu chake kimejaa vikaratasi. Anaongea! Mikono inakwenda. Wenzake wameinama mbele wanamsikiliza, mmoja anatikisa kichwa, kisha wote wanaangua kicheko na yeye anacheka pamoja nao, kichwa nyuma. Kicheko hicho nilikisikia mara ya mwisho watoto wakiwa wadogo.

Nilipoa. Niseme kweli, nilifurahi. Hakuna mwanamke. Ni klabu ya vitabu! Nilitaka kugonga kioo nimpigie kelele. Mume wangu, aliyenicheka kituo cha basi!

Hapo Gil, mpwa wake Ardis, akatoka kuvuta sigara akanikuta nimebandika pua kwenye mlango.

"Shemeji! Umekuja kumchukua Profesa wetu?"

Nikasema Profesa nani.

"Duane, nani tena. Sisi wengine tunakuja kwa ajili ya biskuti. Yeye ndiye mwenye maneno. Ile ya maswali si umeisikia? Kuishi na mtu miaka thelathini? Shangazi yangu kaitangaza kanisa zima."

Gil hana habari, akaendelea kufurahi. Akasema Osmund wanamlaumu wote isipokuwa Duane, yeye anasema anamwelewa vizuri tu. Na kile kibanda chake mwenyewe cha samaki kule ziwani, shemeji, amekipamba kweli kweli, kitanda na kila kitu, sisi tunamtania tunamwuliza kodi ni kiasi gani. Akazima sigara. Nikamwomba asiseme kama nimefika. Akaniangalia, akasema sawa, na tabasamu lake likafifia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimezunguka mji na neno lile nimelivaa kama mkufu. Nililisema kwa Bev kwa sauti ya huzuni, Bev akalia. Na nilikuwa nimejisema mwenyewe.

Nimekaa gereji nikijaribu kukumbuka swali la mwisho nililomwuliza Duane. Nimepata moja: umefunga mlango wa nyuma? Na hata hilo jibu nilikuwa nalijua, nilisikia ufunguo.

Anataka kuondoka. Ndivyo ilivyo, au sivyo? Mtu hatandiki kitanda kwenye barafu kwa ajili ya samaki.

Ijumaa, 26 Januari

Nimejaribu kuuliza. Aibu tupu.

Asubuhi, kwenye mayai, nikasema: Duane, unafikiria nini? Akasema betri ya gari. Nikasema hapana, kwa ujumla. Akasema kwa ujumla pia ni betri, baridi hii itaiua.

Nikaona nahitaji msaada. Mwishoni mwa kitabu kuna yale maswali ya klabu, kumi na mawili. Nimeyatumia maisha yangu yote, hayajawahi kuniangusha. Nikayasoma bafuni nikarudi. Nikamwuliza ni uamuzi gani katika safari yake angeubadilisha. Nikamwuliza ukimya una nafasi gani katika familia yake.

Duane aliweka uma chini. Akanishika paji la uso.

"Una homa?"

Nikasema sina. Akasema basi nenda kalale kidogo, Roz, unaniogopesha. Na akatoka kwenda kwenye betri yake.

Watu wangapi nimewafungua vifua kwa maswali yale! Wengine hata hawapo, ni wa kwenye karatasi. Huyu mmoja anayekula mayai mbele yangu simwezi.

Jumamosi, 27 Januari

Sikwenda klabu ya maktaba. Sijakosa tangu nijiunge. Shauna alituma ujumbe kuuliza kama niko hai.

Nilikwenda ziwani. Siku hizi unaendesha gari juu ya barafu bila wasiwasi, kuna hata alama za njia kati ya vibanda. Sijawahi kufika cha Duane. Nilikijua kwa rangi tu, maana rangi niliinunua mimi. Nilibisha.

Alifungua, akaniona, akabadilika uso. "Nani kafa?"

Nikasema hajafa mtu. Nimepita tu. Juu ya ziwa! Akanipisha.

Sijui nianzie wapi. Ni joto. Tundu la kuvulia liko upande mmoja, ndoano ndani ya maji, na jiko dogo. Ukutani kuna rafu, na kwenye rafu vitabu. Nikasogea nisome migongo. Ni vya kwangu. Siyo nakala zangu, lakini ndivyo — kile cha kanisani cha vuli ile, kile cha Bev tulichokichukia, vile vya maktaba, vyote, kwa mpangilio tuliovisoma. Nilihisi kama nimemkuta mtu amevaa nguo zangu.

Na kitanda. Cha mbao, amekipigilia mwenyewe. Kimetandikwa vizuri, shuka imekunjwa kona. Matandiko ya chumba cha wageni, yale ya maua ya buluu, niliyodhani nimempa dada yangu.

Nilikuwa nimekuja kuuliza swali moja. Nikauliza lingine.

"Goti linaumaje?"

Duane akamimina kahawa, akakaa juu ya ndoo, akaanza kusema. Alianguka ngazi za posta, miaka miwili sasa. Daktari anamchoma sindano kila baada ya miezi kadhaa. Asubuhi ni baya, jioni afadhali. Mawe ndiyo yamekwisha, na hilo lilimliza, akasema hivyo hivyo, lilimliza, ndani ya gari. Sijui alisema kwa muda gani. Kahawa yangu ilipoa mkononi.

Nikasema, kwa nini hukuniambia?

"Nilikuambia," akasema. Hana hasira. "Ulisema pole. Halafu ukaniuliza kama nimeiona miwani yako."

Nimerudi nyumbani taratibu. Nilitaka kubisha, kwamba haiwezekani, mimi siwezi kuwa hivyo. Lakini miwani ilipotea kweli, nakumbuka. Niliipata kwenye gari la Bev.

Jumanne, 30 Januari

Nimetoka dukani nimekuta tangazo la maktaba limebandikwa kwenye friji. Kalibandika Duane, kwa sumaku ya samaki. Usiku wa klabu zote, majina ya wasemaji. La pili kutoka juu: Klabu ya Alhamisi, Duane Kivela. Chini yake: Klabu ya Jumatano, Rosalind Kivela.

Kwa hiyo ameamua nijue. Au Gil amesema. Au hajui kwamba najua, na hii ndiyo namna yake ya kuniambia. Misimu miwili ya siri, kisha sumaku!

Nilipika nyama ya kusaga na viazi vya kuoka. Tukala chini ya tangazo. Akasema chakula kizuri. Nikasema asante. Nilitaka kusema nimekuona na miwani, umependeza nayo. Nikasema ongeza chumvi.

Bev amepiga simu. Wataleta maua.

Alhamisi, 1 Februari

Nimefika nyumbani peke yangu. Naandika kwa sababu mikono haitaki kukaa.

Ukumbi ulijaa hadi ngazi. Kanisa lote lilikuwapo, Ardis mbele kabisa na kijiko chake, dada zake Bev mstari mzima na maua ya plastiki. Msemaji wa kwanza sikumsikia. Wa pili akaitwa Duane.

Alivaa shati alilovaa harusi ya binti yetu. Miwani. Alipanda jukwaani akishika nguzo kwa sababu ya goti, na nikaona watu wa Alhamisi wanajua kumsubiri, hawakupiga makofi mpaka aliposimama sawa. Akasema hakuwa msomaji. Alianza na kitabu ambacho mke wake alikiacha bafuni. Akakimaliza, akapata la kusema, akangoja kulisema mezani. "Mezani kulikuwa na foleni," akasema, watu wakacheka, na alisema kwa utani kabisa, "basi nikatafuta meza nyingine." Sentensi yake ile hakuitaja hata kidogo.

Kisha swali lake kwa ukumbi. Mke wa Osmund alijua kibanda kilipo. Kama angekwenda akabisha, mnadhani angesema nini pale mlangoni? Bev akapaza sauti kwamba yeye angekwenda na shoka. Kicheko. Ardis akasema angeuliza kama amekula. Mwingine akasema angeomba msamaha, mwingine akasema wa kuomba msamaha ni Osmund. Duane aliwasikiliza wote, hakuniangalia. Mimi nilikwenda, nilibisha, na niliuliza goti. Jibu la swali lile ukumbi mzima tulikuwa tunalijua mimi na yeye tu.

Wakaniita.

Nilipanda na karatasi yangu nzuri. Nikaona Bev amekunja mikono kifuani, anangoja kulia. Nikakunja karatasi. Nikasema sentensi mliyotangaziwa si yangu. Niliiba. Nimeisema mara mbili, ya kwanza watu wakalia, ya pili nikakamatwa, na mwenyewe ni yule mwenye miwani safu ya pili, na aliyekuwa anasemwa ni mimi. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Uso wa Bev sitausahau. Maua yaliteremka polepole hadi magotini.

Nikasema klabu tatu zimenifundisha kuuliza kuhusu kila mtu, na hilo silijutii, nilifurahi mno. Kisha nikasema desturi ni swali, na langu halimhusu Osmund, na jibu lake kwa kweli silijui.

"Duane. Barafu ikiyeyuka, yale matandiko yanakwenda wapi?"

Ukumbi wa watu mia, hakuna aliyejaribu kujibu, ingawa desturi inaruhusu. Duane alivua miwani. Akaipangusa kwa shati la harusi, akaivaa, akaivua tena.

Akasema, "Hilo hata mwenyewe sijajibu."

Shauna, Mungu ambariki, akatangaza kahawa.

Watu walinishika mkono kama msibani. Bev alinikumbatia kwa nguvu kisha akasema mimi ni mwehu, na nisidhani amenisamehe ile ya kukwangua kioo. Sikumwona Duane. Nilipotoka nilimkuta anasafisha theluji kwenye gari langu. Langu, siyo lake. Akasema nitangulie.

Nilimwona kwenye kioo njia nzima, taa zake nyuma yangu. Kwenye njia panda ya ziwani nilipita. Yeye alisimama. Nilipunguza mwendo, nikatazama mpaka nilipopinda kona, taa bado zimesimama pale pale, hazijageuka huku wala kule.

Hiyo ni saa nzima sasa. Nimeweka maji jikoni mara mbili.

Gari. Gereji inafunguka.

Ameingia. Ana theluji hadi magotini, na hajavua viatu, yeye anayetugombeza sote kwa ajili ya sakafu. Amevuta kiti, amekaa mbele yangu. Sijamwuliza ametoka wapi. Nilianza, akanyoosha mkono kunizuia. Anasema jibu analo, lakini ni refu, na si lote nitakalolipenda, na niweke kalamu chini.